Kiangazi Tulichofunga Maji ya Kinu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti ya mahafali na viatu vya kuazima, nikatetemeka kuanzia stendi ya Sumbawanga hadi ofisi za halmashauri. Kutetemeka kwenyewe hakukuwa kwa heshima ya utumishi wa umma. Ulikuwa mwezi wa sita, na mtu akikaa Dar es Salaam miaka minne husahau upepo wa Ufipa hata kama amezaliwa humo, kama mimi.

Ofisa Utamaduni wa Wilaya, bosi wangu wa kwanza, alikuwa amekaa ndani na koti zito na kofia ya sufu. Alisoma barua yangu ya ajira mara mbili.

“Wewe ndiye msomi wa magofu?”

“Ndiyo, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Sisi hapa tuna ngoma na mpira wa miguu. Magofu yatakuwa yako peke yako.” Akafungua droo, akatoa futi ya kamba ya mita thelathini na timazi, kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwenye uzi ili kuonyesha ukuta umeinama kiasi gani. “Utapima, utachora, utaondoka. Usije ukatengeneza kitu cha mtu.”

Niliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Moyoni nilijiambia kwamba mzee huyu hajasoma.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna vyombo vya kupimia kwa mwanga na ndege ndogo za kupigia picha. Sisi tulipima kwa kamba. Kila chumba tulipima pande nne, kisha kona hadi kona, kwa sababu jengo la zamani halina kona iliyonyooka, na ukipima pande tu utachora chumba kizuri ambacho hakipo duniani. Baada ya hapo tulijaza fomu. Ilikuwa na safu ya vifaa vya ujenzi, safu ya hali ya jengo, na safu ya mwisho iliyoandikwa “Mila na Imani”. Naomba muikumbuke safu hiyo. Watu wengi wameumizwa na silaha kubwa zaidi, lakini mimi niliumiza watu kwa safu ya fomu.

Katika miaka miwili ya mwanzo nilipima makanisa ya matofali ya kuchoma, nyumba za mapadri zenye vibaraza virefu, na malungu, yale matanuru ya udongo ambamo babu zetu waliyeyusha chuma. Kisha nikatumwa bondeni kupita Kaengesa, kwenye kijiji ambacho sitakitaja, kupima kinu cha maji.

Hadi leo sijapima jengo lililofikiriwa vizuri kuliko lile. Lilijengwa na bruda mmoja wa misheni aliyekuwa seremala, pamoja na waumini ambao, kwa mujibu wa wajukuu zao, walibeba mawe kichwani kutoka mlimani, jiwe moja kila Jumapili kabla ya misa. Msingi ulikuwa wa mawe, mnene kuliko urefu wa mkono wangu. Juu yake palikuwa na kuta za tofali na paa la vigae. Maji yalitolewa kijitoni kwa mfereji uliochimbwa kufuata ubavu wa kilima, yakafika juu ya gurudumu na kulimwagikia kwa juu, ndoo baada ya ndoo. Zilikuwa ndoo za mbao zilizopigiliwa kwenye ukingo. Gurudumu lenyewe lilizidi urefu wa watu wawili. Mikono yake ilipita katika mhimili wa mti mmoja mzima wa mninga, na ilikazwa hapo kwa kabari za mbao, bila msumari hata mmoja.

Ndani, mhimili uligeuza gia za mbao. Jino likivunjika, lilichongwa jingine mchana huo huo. La chuma lingesubiri kuletwa kutoka Mbeya. Ghorofani kulikuwa na mawe mawili: la chini lisilozunguka waliliita mama, na la juu linalozunguka waliliita mwana. Unga wake ulitoka wa baridi. Wanawake walitembea nusu siku na ulezi wao kichwani, wakapita mashine mbili za dizeli njiani, kwa sababu walisema mashine inaunguza unga.

Msagaji alikuwa Mzee Oresto, mtu mfupi, mwenye nyusi nyeupe kwa unga tangu akiwa kijana. Mkewe, Leokadia, ndiye aliyepokea nafaka na kupanga foleni, na foleni hiyo ilimwogopa. Siku niliyofika hakukuwa na mteja hata mmoja, lakini maji yalikuwa yakipita na gurudumu linazunguka taratibu.

“Mzee, mbona maji yanapita na hakuna anayesaga?”

“Linakunywa.”

“Nani anakunywa?”

“Gurudumu, mwanangu. Lisipokunywa litakufa.”

“Akisafiri analiota,” Leokadia alidakia kutoka mlangoni. “Mimi nikiumwa ananiambia, subiri kwanza nikalinyweshe.”

Tulicheka wote watatu. Nikatoa kalamu, nikaandika katika safu ya mwisho: “Wenyeji huamini kwamba gurudumu ni kiumbe hai na hulinywesha maji kila siku ili lisife.” Niliridhika sana na sentensi hiyo. Nilipigia mstari chini yake.

Mnaona nilichofanya. Mti mkavu hunywea, yaani husinyaa. Ukinywea, kabari hulegea ndani ya matundu yake na ndoo huachia misumari. Seremala yeyote wa Sumbawanga angeniambia hivyo. Mzee Oresto alikuwa amenipa kanuni ya ufundi kwa maneno aliyorithi kwa baba yake, na mimi, kwa kuwa kanuni ilikuja bila jedwali, nikaipeleka kwenye safu ya imani.

Kutoka hapo nilihamishiwa Kirando. Chini ya Katibu Tarafa aliyeamini kwamba historia ni jambo la watu wasio na kazi, nilipima ghala la zamani ambalo harufu ya dagaa iliingia mpaka kwenye michoro. Nilirudi Sumbawanga nikiwa na cheo, kitambi, na mazoea ya kuanza sentensi kwa kusema “kitaalamu”. Ofisa Utamaduni mwenye koti alikuwa amestaafu. Sasa nilikuwa chini ya Mkuu wa Idara, mtu mwepesi, mwenye tai, aliyependa mambo yaonekane.

Aliona michoro yangu ya kinu, akaipenda kweli. Fedha za ukarabati zikapatikana, na mgeni rasmi akakubali kuja kuzindua mwishoni mwa kiangazi. Mimi nilipewa usimamizi. Ukuta ulio nyuma ya gurudumu ulikuwa umelowa na chokaa yake inamomonyoka, nami nikapendekeza maji yafungwe miezi yote ya kiangazi ili ukuta ukauke na upigwe chokaa upya. Kwa upande wa ukuta lilikuwa pendekezo zuri kabisa.

Mzee Oresto alikuja hadi mahali nilipokuwa nimesimama na Mhandisi wa halmashauri.

“Bwana mtaalamu, ukuta utapona. Gurudumu je?”

“Litapumzika, mzee.”

“Litakufa kwa kiu.”

Mhandisi alinitazama. Hiyo ndiyo nafasi niliyopewa, nami nikaitumia kuchekesha. “Jambo hilo tumeshaliandika, mzee. Liko kwenye safu ya imani.”

Mhandisi alicheka. Mzee Oresto hakucheka. Aliomba angalau maji yafunguliwe kidogo kila asubuhi. Nikamwambia ukuta hauwezi kukauka nusu. Kisha, kwa kuwa nilimjua, nikatia kufuli kwenye lango la mfereji, ule ubao unaopandishwa na kushushwa kuruhusu maji. Ufunguo niliurudisha mjini mwenyewe.

Walifanya walichoweza. Kila asubuhi Leokadia alipanda hadi kijitoni na ndoo, akarudi, akamwagia gurudumu maji kwa kata, akizunguka upande huu na ule. Alikuwa na tabia ya kusema peke yake akifanya kazi. Nilimkuta akifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu nilimwuliza anasemaje.

“Nalitukana,” alisema. “Miaka thelathini linamchukua mume wangu, na sasa nalibebea maji kama mkwe.”

Ndoo zake nne za kila asubuhi, kwa gurudumu la ukubwa ule, ni mate tu. Wiki ya mwisho Mzee Oresto aliniita, akaweka kiganja kwenye mkono mmoja wa gurudumu, akautikisa. Ulicheza. Sauti yake ilikuwa kama ya jino linalotaka kung'oka.

“Nipe siku mbili,” alisema. “Maji kidogo kidogo, siku mbili, livimbe. Halafu mgeni wako aje.”

Nilimpelekea Mkuu wa Idara ombi hilo. Sikulitetea, nililipeleka tu, kama mtu anayepeleka barua ya mwenzake. Akaniuliza, “Kitaalamu, kuna hatari?” Kama ningesema ndiyo, ningelazimika kueleza kwa nini nilifunga maji miezi mitano. Nikasema, “Ni wasiwasi wa wazee.”

“Basi maji yaingie mbele ya mgeni. Watu waone yanavyokuja.”

Yalikuja. Kwaya iliimba, mgeni rasmi akakata utepe, kufuli likafunguliwa, na maji yote ya mfereji yakaangukia gurudumu kwa mkupuo mmoja. Lilizunguka mzunguko mmoja, watu wakapiga makofi. Katika mzunguko wa pili kabari mbili ziliruka. Mzee Oresto ndiye pekee aliyejua maana ya mlio ule. Alikimbilia langoni kuyafunga maji, na lango liko pembeni kabisa ya gurudumu. Mkono mmoja ulichomoka na ndoo zake ukampiga kifuani. Alifariki kwenye benchi la zahanati. Leokadia alikuwa amemshika kichwa, nami nilikuwa nimeshika programu ya sherehe, bado.

Kesho yake Mkuu wa Idara alifunga mlango wa ofisi yake. Sijawahi kumwona tena na uso ule. Alikuwa ameogopa kama mimi.

“Sababu ni nini?”

“Gurudumu lilikauka,” nilisema.

“Kwa nini lilikauka?”

Nilitazama mlango alioufunga.

“Sikiliza, ndugu yangu. Ukiandika kwamba gurudumu lilikufa kwa kiu, utaonekana umeamini mambo ya kijijini. Andika sababu haikubainika. Eleza tu kilichoonekana, bila kuhukumu. Wewe si ndiye mtaalamu wa kueleza?”

Nilikuwa mtaalamu kweli. Ripoti ilikuwa na kurasa kumi na moja. Iliandika kwamba sababu haikubainika. Iliandika pia, katika sehemu ya mwenendo wa wenyeji kabla ya tukio, sentensi ambayo naijua kwa moyo: “Leokadia, mke wa marehemu, alionekana mara kadhaa wakati wa asubuhi akilimwagia gurudumu maji huku akilisemesha.” Kila neno lake lilikuwa kweli. Niliiweka kwa sababu ilijaza ukurasa na kwa sababu ilifanana na elimu.

Nakala moja ilipelekwa kwa Mtendaji wa Kijiji, naye akaisoma mbele ya mkutano. Jaribuni kuisikia walivyoisikia wao. Mtu amekufa mbele ya umati kwa kitu kilichotengenezwa upya. Serikali imechunguza na kushindwa kujua sababu. Kisha serikali hiyo hiyo inamtaja mwanamke mmoja kwa jina, na maji, na maneno aliyokuwa akinong'ona.

Nyumba yake ilichomwa wiki hiyo. Yeye mwenyewe aliokoka kwa kuwa alikuwa ameenda kanisani. Hakurudi hata kuchukua sufuria.

Niliyasikia haya nikiwa Muze, bonde la Rukwa, ambako nilihamishiwa mwezi uliofuata kwa kile ambacho barua iliita mahitaji ya kazi. Nilimwona Leokadia huko huko, mnadani. Familia moja ya wafugaji wa Kisukuma, watu waliohamia na ng'ombe wao na ambao hawakujua habari ya kinu wala hawakuiuliza, ilikuwa imempa chumba. Alikuwa akiuza karanga. Nilifikiri kupita njia nyingine, lakini alikuwa ameshaniona.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umenenepa.”

Nilinunua karanga ambazo sikuzitaka. Alizifunga kwenye karatasi polepole.

“Wewe unaandika,” alisema. “Andika nyingine. Andika nilikuwa nalitia maji kwa sababu wewe ulifunga maji. Basi. Sitaki kitu kingine.”

“Nitaandika, mama.”

Sikuandika. Mwaka ule kulikuwa na upandishaji vyeo, na mwaka uliofuata kulikuwa na ukaguzi. Baadaye nikarudi Sumbawanga, nikawa mimi ndiye mkuu wa kitengo, mwenye kiti kinachozunguka, na nikagundua kwamba jambo lisipoandikwa kwa miaka mitatu huwa halina haraka tena. Nilifundisha vijana kupima kona hadi kona. Niliwaambia wasiamini ukuta kwa macho. Nilihudhuria semina za kulinda turathi, nikatoa mfano wa kinu cha Ufipa kilichopotea kwa “changamoto za kimazingira”. Wanawake wa bondeni sasa husaga kwenye dizeli. Vigae vimebebwa, mawe mama na mwana yamelala kwenye majani, na ukuta nilioukausha bado umesimama vizuri sana.

Nilistaafu kwa hiari nilipofikisha miaka hamsini na mitano. Nilipewa saa ya ukutani na hotuba iliyonisifu kwa umakini. Nilikaa nyumbani miezi miwili nikijifanya nalima mahindi, kisha nikakaa chini na kuandika ukurasa mmoja na nusu. Nilieleza mti unavyonywea, kabari zinavyolegea, na kwamba alichofanya Leokadia ndicho pekee kilichokuwa sahihi kiangazi kile. Nilimwomba Mwenyekiti wa Kijiji nafasi mkutanoni, nikasoma. Wengi walikuwa vijana wasiomjua. Wazee waliinamisha vichwa. Nilipomaliza, Mwenyekiti alinishukuru kwa elimu niliyowaletea, na watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikalala vizuri, jambo ambalo lingetosha kunitia shaka.

Wiki ile ile nilishuka Muze kumpelekea nakala. Leokadia amezeeka, macho yake yana ukungu, lakini bado anajua hesabu za watu. Wajukuu wa wale Wasukuma wanamwita bibi. Aliniambia nimsomee. Nilisoma hadi mwisho. Alisugua goti.

“Rudia pale pa kufuli.”

Nikarudia: “Lango la mfereji lilifungwa kwa kufuli na mtaalamu aliyesimamia ukarabati.”

“Mtaalamu gani?”

“Ni mimi, mama. Unajua ni mimi.”

“Mimi najua. Wao je?” Hakupandisha sauti. “Mimi mliniandika kwa jina.”

Nilikuwa na miaka hamsini na mitano, shahada mbili na saa ya ukutani, na nilikuwa nimejificha tena, katika barua niliyoiandika ili nisijifiche. Sikuwa hata nimeona. Nilitoa kalamu, nikafuta neno mtaalamu, nikaandika majina yangu yote matatu kama yalivyo kwenye hati ya kustaafu. Alinitaka nimsomee tena. Kisha akauliza, “Utarudi lini kule?” Nikamwambia kwamba mkutano unaofuata ni mwezi ujao. Akasema sawa, na kwamba yeye harudi. Hana kwa kurudi. Anataka tu wasikie.

Nilirudi mwezi uliofuata, nikasoma mara ya pili. Nilipofika kwenye majina yangu ilibidi nianze sentensi upya. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja aliyekaa mbele, ambaye nakumbuka alikuwa kijana mwenye nguvu siku ya uzinduzi, aliinuka kwa fimbo yake.

“Na ulijua tangu siku ile?”

“Nilijua.”

“Siku tunachoma nyumba, ulikuwa unajua?”

“Nilijua.”

Halafu akakaa, akafunika uso kwa kofia yake, na mabega yake yakaanza kutikisika. Watu wakainuka mmoja mmoja, bila kuagana, wakaondoka na viti vyao.